Nini Kimebaki? Vitenzi vya Kiingereza vya Kushinda na Kukomesha Vilivyonifunza Kazi

Nilikuwa na miezi michache tu kazini nilipomwandikia msimamizi wangu sentensi moja ya Kiingereza: "I was defeated to finish the report." Nilikuwa nimepewa ripoti ya kutafsiri, siku zikaniishia, na kichwani mwangu maneno yale yalikuwa safi kabisa: nilishindwa kumaliza ripoti. Alinipigia simu baada ya dakika chache. Hakunikaripia. Aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyeingiwa na wasiwasi wa kweli, "Nani amekushinda? Kuna mtu anakuzuia kufanya kazi?"

Kiingereza ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Katika sentensi yangu aliona ugomvi, akaona mpinzani, akaona mimi nimeangushwa chini. Nami sikuwa na mpinzani yeyote. Nilikuwa nimechelewa.

Jioni ile nilifungua daftari nikaandika juu ya ukurasa neno moja: kushindwa. Chini yake nikaanza kupanga yote tunayoyasema kwa neno hilo. Kushindwa mechi, Kiingereza kinasema "lose". Kushindwa mtihani, "fail". Kushindwa kufungua mlango, hapo hakuna kitenzi cha vita hata kidogo, ni "couldn't" basi. Kazi imenishinda, mtoto huyu amenishinda, bei imenishinda: kila moja ina njia yake, na hakuna hata moja inayopitia "defeat". Sisi tunalitumia shinda kama jembe la kila shamba. Hata siku tunaishinda: umeshindaje, nimeshinda nyumbani, ameshinda njaa. Nimeishi na neno hili tangu utotoni bila kuliona upana wake, na ni Kiingereza kilichonilazimisha niliangalie.

Daftari hilo ninalo bado. Limejaa vitenzi vya kushinda, kukomesha, kuzima, kufuta, kung'oa. Karibu kila ukurasa ulianza na kosa langu.

Kosa la "win" na "beat" nadhani kila mzungumzaji wa Kiswahili amelifanya. Tunasema tumeshinda mechi, tunasema tumewashinda, kitenzi ni kilekile, kinachobadilika ni yambwa tu, yaani kitu au mtu anayetendewa. Kwa hiyo tunaandika "we won them". Anayeijua lugha hiyo vizuri akisikia hivyo anaelewa kwamba wale watu ndio walikuwa zawadi, tumewatwaa. Kwa sababu "win" hutaka kitu unachokipata: mechi, kombe, kura, vita, hoja. "Beat" hutaka yule uliyemzidi: timu, mpinzani, au rekodi ya mtu. Nilipoacha kukariri maana nikaanza kuuliza kitenzi kinamtaka nani baada yake, mambo yakanyooka. Kamusi nyingi ndogo hazisemi hili. Zinakupa "win: shinda, beat: shinda, defeat: shinda", halafu zinakuacha njiani.

Kuhusu "defeat" yenyewe, nilikuja kugundua jambo lililonifurahisha hadi leo. Neno hilo liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na asili yake ni kitenzi cha kufanya chenye kiambishi cha kurudisha nyuma kilichofanywa. Yaani kutendua. Sisi tunayo kauli nzima kwa ajili ya kazi hiyo: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua, kunja, kunjua. Nilipoliona hilo, misemo ya Kiingereza iliyokuwa ikinisumbua ikakaa sawa. Kwa mfano wakisema jambo fulani "defeats the purpose", hakuna aliyepigana na mtu. Lengo limetenduliwa. Ukiweka kufuli mlangoni halafu ukaacha ufunguo ukining'inia hapohapo, umelitendua kusudi la kufuli. Kuandika "limelishinda lengo" hakumwelezi msomaji chochote.

Kisa cha mbwa kilinifundisha kwa uchungu zaidi, ingawa kilikuwa kisa cha kutunga. Nilikuwa natafsiri hadithi fupi ya mzee na mbwa wake aliyezeeka naye. Mbwa haoni vizuri, miguu ya nyuma imekataa, na mzee anampeleka kwa daktari wa mifugo. Kisha ikaja sentensi yenye "put down". Niliiandika kama nilivyoiona: daktari akamweka mbwa chini. Nikaendelea. Aya iliyofuata, mzee anarudi nyumbani kwa miguu, ameshika mkanda wa shingoni usio na shingo ndani yake. Nikasimama. Nilirudi nyuma nikasoma upya mara tatu. Mbwa alikuwa ameuawa kwa sindano, kwa huruma, na mimi nilikuwa nimemlaza sakafuni akiwa mzima.

Kiingereza kina tabia hii: mambo mazito kinayaficha katika vitenzi vidogo kabisa, "put", "do", "see", "call", halafu kinaviongezea kijineno kimoja. "Put out" ni kuzima moto au mshumaa. "Put down" ni kuzima uasi, au kumuua mnyama kwa huruma, au kumdhalilisha mtu mbele ya wenzake. "Put off" haikomeshi chochote, inaahirisha. "Do away with" ukiiweka mbele ya sheria au desturi ni kuiondoa; ukiiweka mbele ya jina la mtu, umesema ameuawa. Sisi kuzima kwetu ni kumoja: moto, taa, simu, maandamano, uasi, hata ndoto. Ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza inabidi usimame kila mara uulize, hiki kinachozimwa ni nini? Taa haizimwi kwa kitenzi cha uasi. Uasi na hofu, Kiingereza kinavipa "quell", na ajabu ni kwamba neno hilo katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kuua. Limepoa kwa karne nyingi hadi leo linatuliza hofu ya mtu.

Mengine yamekwenda upande wa pili. Lipo "scotch", ambalo magazeti hulitumia uvumi unapokanushwa ukaisha kabisa. Katika tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, Macbeth anasema wamem-"scotch" nyoka, hawajamuua. Hapo neno lilikuwa na maana ya kukata au kujeruhi tu, na hofu yake yote iko pale: nyoka atapona. Kuna jambo jingine juu ya mstari huo. Chapa ya mwaka 1623 ina neno "scorch'd", na "scotch'd" tunayoisoma leo ni masahihisho ya mhariri Lewis Theobald wa karne ya 18. Kwa hiyo neno lililokuwa la kujeruhi bila kuua sasa ni la kumaliza kabisa. "Decimate" nalo limepanuka. Katika jeshi la Roma ilikuwa adhabu ya kikosi kilichokosa: mmoja katika kila kumi alichaguliwa kwa kura na kuuawa na wenzake. Siku hizi wanaposema ukame ume-"decimate" mifugo, wana maana sehemu kubwa imekufa, na ukitafsiri kwamba moja ya kumi imekufa utakuwa umeipunguza hasara ya mfugaji.

Vitenzi vya michezo sitavikalia muda mrefu. Watangazaji wetu wanavijua kuliko mimi: "thrash" na "trounce" ni kugaragaza, "edge" ni kushinda kwa mbinde, "rout" ni kuwatawanya hata hawajui pa kukimbilia. Hapo Kiswahili hakina njaa.

Njaa niliiona kwenye sheria. Nilipewa habari ya rufaa, na ndani yake mahakama ilikuwa ime-"quash" hatia ya mtu aliyekwisha kukaa gerezani. Mimi nilikuwa nalijua "squash", kuponda, kama mtu anavyoponda mdudu au tunda. Maneno hayo mawili yanafanana, na kweli yana undugu wa mbali. Nikaandika mahakama imeiponda hukumu. Wakili aliyepitia kazi yangu aliizungushia duara nyekundu akaandika pembeni: "Mahakama haipondi. Inatengua."

Nilikwenda kumwona. Alinieleza taratibu, kalamu mkononi, kwamba mahakama ya juu ikitengua hatia inasema ile hukumu haikupaswa kusimama, ni batili. Haimaanishi lazima kwamba mtu ametamkwa hana kosa. Inaweza kuagiza kesi isikilizwe upya. Adhabu nayo hutajwa peke yake, kwa kitenzi kingine, huwekwa kando. Akaniambia, "Ndugu yangu, aliyeko gerezani anasoma gazeti kwa herufi. Usimwambie amesafishwa kama bado kuna kesi inamsubiri."

Baadaye nilijua kwamba neno hilo limekutanisha mizizi miwili ya Kilatini, mmoja wa kutikisa na kuvunja, mwingine wa kubatilisha. Mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa kwa kesi za madai na jinai inaitwa Cour de cassation kutokana na mzizi uleule wa kubatilisha. Ndiyo kusema tengua yetu ilikuwa pale muda wote ikinisubiri, neno la kila siku la kutengua uteuzi na kutengua maamuzi, nami nikalipita kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na sauti ya neno la Kiingereza.

Kutoka kwa yule wakili ndipo nilipopata swali ninalouliza hadi leo kila nikikutana na kitenzi cha namna hii. Kwanza, kilichoondolewa ni nini hasa? Pili, nini kimebaki?

Swali hilo liliniokoa nilipopitia tafsiri ya kijana mmoja tuliyefanya naye kazi. Aliandika kwamba Uingereza ilikomesha utumwa mwaka 1807. Matini ya Kiingereza ilisema "abolished the slave trade", na yeye neno la biashara lilimdondoka njiani. Nilimwomba akae. Tuliangalia pamoja. Sheria ya 1807 ilikomesha biashara ya kununua na kusafirisha watumwa. Waliokuwa tayari kwenye mashamba ya makoloni walibaki watumwa, na watoto waliozaliwa kwao walizaliwa watumwa. Sheria ya kuufuta utumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya makoloni ilipitishwa 1833, ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1834, na hata hapo wengi waliendelea kufungwa kwa mabwana zao kwa jina la uanagenzi hadi 1838. Kitenzi ni kilekile, "abolish". Kilichobaki baada yake mwaka 1807 ni binadamu mamia ya maelfu wenye minyororo. Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe neno moja lilikuwa limewaachia huru kabla ya wakati." Alikuwa amelielewa vizuri kuliko nilivyomweleza.

Lakini pahali ambapo swali la pili, la kilichobaki, linauma zaidi ni kwenye magonjwa. Wataalamu wa afya wana ngazi tatu ambazo sisi wengi tunazimwaga katika neno moja la kutokomeza. Ya kwanza ni "control", kudhibiti: ugonjwa upo, umepunguzwa hadi kiwango kinachovumilika, na ukilegeza mkono unarudi. Ya pili ni "elimination", maambukizi yamefika sifuri katika eneo fulani, nchi au kanda, lakini duniani ugonjwa upo, kwa hiyo mlango lazima ulindwe. Na kweli neno hilo kwa Kilatini ni kutoa nje ya kizingiti: umeutoa nje, lakini bado uko uani. Malaria ndiyo mfano wa wazi. Nchi huweza kupewa cheti na Shirika la Afya Duniani ikithibitisha kwamba kwa miaka 3 mfululizo hakuna maambukizi ya ndani. Cabo Verde na Misri zote zilikipata mwaka 2024. Mbu bado wapo, wasafiri wenye vimelea bado wanaingia, na kazi ya kulinda haina mwisho.

Ya tatu ni "eradication", na hiyo ni ya dunia nzima na ya moja kwa moja. Ndani ya neno hilo kuna mzizi, kwa Kilatini "radix". Kwa hiyo kung'oa kwetu kunalingana nalo hadi kwenye picha: mmea umetoka na mizizi yake, udongo umebaki na shimo. Magonjwa yaliyofikishwa hapo ni mawili tu, ndui wa binadamu, uliotangazwa kung'olewa mwaka 1980, na sotoka ya ng'ombe, mwaka 2011. Mawili tu katika historia yote. Nilipolijua hilo niliacha kutumia kung'oa ovyo.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio, akiwaambia wazazi waliosita kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuikwepa chanjo ya ndui na hakutaka wao wafanye kosa hilo. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria. Nikisoma maisha ya mtu huyu ngazi zote naziona katika mwili mmoja: aliugua ugonjwa uliong'olewa, akahangaika na ugonjwa unaosukumwa nje ya kizingiti, akauawa na ule ambao katika nchi nyingi bado tunaudhibiti tu.

Nimefika sasa kwenye kipeperushi.

Kilikuwa cha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ukurasa mmoja uliokunjwa mara tatu. Kiingereza chake kilikuwa chepesi na nilikimaliza kabla ya mchana. Sentensi ya nne ilisema kwamba ukitumia dawa vizuri virusi vinakuwa "suppressed". Niliandika: "Ukitumia dawa vizuri, virusi humalizwa mwilini." Ilisomeka vizuri. Ilikuwa na matumaini, na mimi nilitaka msomaji apate matumaini.

Aliyepewa kazi ya kukipitia alikuwa muuguzi mstaafu. Nilipoingia nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia bila kuinua macho kwenye karatasi. Kidole chake kilikuwa juu ya sentensi ya nne. Alikisogeza polepole hadi kwenye neno humalizwa, akakiacha hapo.

"Mwanangu," akasema, "mtu akisoma hapa, mwezi ujao anaacha dawa."

Nilijaribu kujitetea, kwamba kipimo huonyesha virusi havionekani. Akaniambia ndiyo, havionekani kwenye kipimo, na hilo ni jambo kubwa, maana mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana, na hilo lazima liandikwe kwa herufi nene. Lakini vipo. Vimejificha ndani ya seli zilizolala, vinasubiri. Ameona watu waliojisikia wazima, wakanenepa, wakaziweka dawa kabatini. Ndani ya wiki chache virusi vinazaana upya. "Wengine niliwafunga macho mimi mwenyewe," akasema, na hapo ndipo alipoinua uso.

Sikuwa na la kujibu. Nilikaa.

Tulilichambua neno pamoja. "Suppress" ni kukandamiza chini, kuzuia kisiinuke. Dawa ya kifua inaweza ku-"suppress" kikohozi, na kikohozi hujitokeza tena ikiisha nguvu. Serikali inaweza ku-"suppress" uasi, na waasi wakaendelea kuwepo vijijini. Daima kuna kitu kilicho hai chini ya mkono unaokandamiza, na mkono ukiondoka kinanyanyuka. Nilimpendekezea kuzuia, akasema ni dogo. Nikasema kukandamiza, akatikisa kichwa, akasema mgonjwa atadhani ni yeye anayekandamizwa. Kupunguza makali alilipenda, ndilo alilolitumia wodini zamani, ila aliona linamfanya mtu adhani makali tu ndiyo yamepungua na idadi ni ileile.

Kisha akasema, kama mtu anayetaja jina la jirani, "Si tunasema kufubaza?"

Nilikuwa nimelisikia mara nyingi. Sikuwahi kulitazama. Kitu kilichofubaa hakijafa. Kimepoteza nguvu na mng'ao, kimezubaa, kimelala. Rangi iliyofubaa bado ni rangi. Neno lile lilikuwa na kila kitu nilichokihitaji, pamoja na onyo ndani yake, na lilikuwa limezaliwa kwenye vinywa vya wahudumu na wagonjwa, mahali ambapo mimi na kamusi zangu hatukuwa tumefika.

Tuliandika upya. Alitamka, nikaandika, akasoma, akafuta, nikaandika tena. Saa nzima kwa sentensi tatu. Kipeperushi kilichapwa hivi: "Dawa hufubaza virusi, haziviui vyote. Virusi vikifubaa hadi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana. Ukiacha dawa, virusi huamka."

Huamka lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nimeandika hurudi. Alilikata kwa mstari mmoja, akasema, "Havikwenda popote, mwanangu," akanirudishia karatasi.